Teresia na Mwanamke wa Chama
Katika shamba moja la mkonge karibu na Kilosa, Teresia alikuwa hali wala halali kwa wivu. Mumewe Mathayo, mkata mkonge, kila siku alikuwa akimsifu Costancia, katibu wa chama cha wafanyakazi. Siku ya mkutano wa wafanyakazi Teresia akamfuata mumewe, ili akajionee mwenyewe.

Meneja alitangaza kwamba wanunuzi wa ng'ambo sasa wanataka kamba za nailoni, si za mkonge. Wakataji wangepunguzwa, na waliopunguzwa wahame mara moja kambi ya shamba, pamoja na kuacha vijishamba vyao vya mahindi.

Costancia akasimama. “Bwana meneja, nailoni hatuiwezi. Lakini hapa hahami mtu kabla hajavuna mahindi yake.”

Watu walishangilia mpaka meneja akakubali. Mathayo alipoteza kazi, ila njaa haikuwapata. Teresia alimpelekea Costancia mahindi kwa mkono wa jirani. Mwenyewe hakwenda, kwa kuwa sasa aliuonea wivu ulimi ule, akitamani mno uwe wake.