Bambo la Mama na Kaseti Tatu

Watu wengine wakisikia harufu ya maharage yanayoungua wanakimbilia jikoni. Mimi nasikia muziki kwanza. Tii-tii-tu, tii-tii-tu, ule muziki wa gemu za zamani, kama mtu anagonga vijiko kwenye bati, unajirudia mpaka meno yanawasha. Nikishausikiliza kidogo ndiyo nakumbuka kwamba kuna sufuria. Mume wangu anasema ni ugonjwa. Mimi nasema ni elimu, tena ndiyo sehemu kubwa ya elimu niliyonayo, maana mimi na kidato cha pili tuliachana kwa amani, kila mtu akashika njia yake.

Basi juzi harufu hiyo ilinijia tena, na nitawaambia ilitoka wapi. Lakini kwanza twende nyuma kidogo, nikiwa na miaka kumi na moja, miguu kama ya korongo, na mdomo ambao walimu walikuwa wanautaja kwenye kila ripoti.

Nilikulia Tunduma, nyuma ya ghala. Mama alikuwa mnunuzi wa mazao. Maharage, mahindi na ulezi vilikuwa vinashuka kutoka Mlowo na vijiji vya huko Mbozi, anavikusanya, halafu wanakuja wenye malori kuvichukua. Chumba cha mbele kilikuwa cha magunia, cha nyuma kilikuwa chetu, na vumbi lilikuwa la wote. Baba alikuwa Igamba kwenye kahawa yake, nyumbani alikuwa mgeni wa Jumapili. Kwa hiyo serikali yote ilikuwa Mama, na raia tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Lazaro.

Mama alikuwa na bambo. Kama hujawahi kuliona, ni chuma chembamba kilichochongoka, kina mfereji katikati. Unalidunga kwenye gunia, ukilichomoa linatoka na punje za ndani, wala huna haja ya kufungua kitu. La Mama lilikuwa limeng'aa kwa kushikwa, na lilikuwa linakaa kwenye msumari nyuma ya mlango kama upanga wa mfalme. Mkulima akija na mzigo, akafungua gunia na kuonyesha maharage yanavyometameta pale juu, Mama alikuwa hata haangalii. Alikuwa anasema, "Mdomo wa gunia ni salamu tu. Mambo yako tumboni." Halafu anadunga.

Alikuwa na msemo mwingine. Mkulima akianza kuapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kwamba mzigo ni safi, Mama alikuwa ananinong'oneza, "Anayeapa sana ana mchanga chini." Na kweli, mara nyingi mchanga ulikuwepo.

Sasa, kaka yake Mama, Mjomba Ayubu, alikuwa dereva wa lori. Siku moja akiwa anatoka Lusaka alivuka boda akashuka kwetu na boksi. Ndani kulikuwa na mashine ya gemu, nyeusi, inanukia plastiki mpya, padi mbili na kaseti tatu. Nilivyoiona nikajua kabisa kwamba mbingu ipo na ina nyaya. Tulikuwa na tivii ya chogo, ndogo, ya rangi mbili, nyeusi na nyeusi kidogo. Mjomba akaichomeka, picha ikaja, na Lazaro akalia kwa furaha au kwa hofu, hatukuwahi kuelewa.

Mama hakulia. Alisimama mlangoni na mikono yake ina vumbi la ulezi, akauliza hicho kitu kinafanya nini. Mjomba akasema watoto wa mjini wote wanacheza, kinafungua akili. Mama akasema sawa, lakini kinachoingia nyumbani kwake lazima kipigwe bambo. Wakapatana hivi: Mjomba anaendelea na mzigo wake hadi Dar. Akirudi, kama kuna kaseti imethibitika kwamba inafungua akili, mashine inabaki. Kama hakuna, anaichukua na kumpa rafiki yake wa Nakonde, upande wa pili wa boda, aliyekuwa na kibanda cha gemu.

Mimi nikaona hiyo kazi ndogo. Nikaapa pale pale, haki ya Mungu, kwamba zote tatu zinafungua akili. Mama hata hakuniangalia, kama asivyoangalia mdomo wa gunia.

Nilianza na ya ngumi, kwa sababu ndiyo ilikuwa na picha nzuri kwenye kaseti, mijamaa miwili mapaja kama magogo. Nilimweleza Mama kwamba inafundisha ujasiri. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Mama alikuwa haangalii tivii hata kidogo. Alikuwa anasubiri nizime, halafu ananiangalia mimi. Na mimi nikizima nilikuwa natoka nje nikiwa nimekunja ngumi, nikimtafuta Lazaro. Jioni moja nikampiga teke la kuruka nililolisomea, naye akanirudishia la kwake, na katikati yetu kulikuwa na chupa ya chai. Mama alifagia vioo polepole. Akachomoa kaseti, akaiweka juu ya debe, akatoa hukumu: "Hii ina dumuzi." Dumuzi ni yule mdudu wa mahindi. Akishaingia, unabaki na unga ambao hukuusaga wewe.

Ya pili ilikuwa ya magari. Nikasema inafundisha macho na mikono kufanya kazi pamoja, maneno niliyoyasikia kwa Mjomba. Kwa siku chache nilikuwa dereva kuliko Mjomba mwenyewe. Nilitumwa mafuta ya taa nikaenda nanguruma, nikaovateki wamama wenye beseni, nikaovateki baiskeli, nikakata kona ya msikiti kwa breki za midomo, na nikafika nyumbani wa kwanza, ingawa hakuna aliyekuwa anashindana nami. Chupa ilikuwa imebaki nusu. Gauni langu lilinuka mafuta wiki nzima. Mama akadunga, akachomoa. "Mbichi," akasema. "Inakimbia safari kabla haijakauka. Itaozea njiani."

Ikabaki moja, na hiyo nilikuwa naidharau. Haikuwa na bunduki, haikuwa na gari. Ilikuwa na kajitu kafupi ka ghalani kanasukuma maboksi. Basi. Kanatakiwa kuyapeleka kwenye alama zake. Kanaweza kusukuma, hakawezi kuvuta. Ukilisukuma boksi likaingia kwenye kona, limekwenda, huna namna, unaanza upya. Nilicheka. Nilizaliwa ghalani, nikaletewa kutoka Lusaka ghala lingine.

Lakini kale kajitu kalinishika. Mara ya kwanza nilisukuma kama ninavyosukuma kila kitu, kwa kifua. Kona. Nikaanza upya. Kona. Mashine hainitukani, hainichapi, muziki unaendelea tii-tii-tu kama vile hakuna kilichotokea, na mimi nimekaa pale najiona mjinga bila shahidi. Polepole nikaanza kufanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya maishani: nikaanza kuangalia kabla ya kusukuma. Hili nikilipeleka pale, lile litapita wapi? Nikiziba hapa, mimi mwenyewe natokea wapi?

Ubaya ni kwamba nikizima, kajitu kalikuwa hakazimiki. Kaliendelea kusukuma kichwani. Lazaro alinikuta jikoni nimepiga magoti, nasogeza bakuli kwenye sakafu na kujisemea, akaenda kumwambia Mama kwamba nimerogwa. Na siku niliyoachiwa sufuria ya maharage, nilikuwa nimekaa mbele yake kabisa, nayatazama kwa macho, lakini mimi nilikuwa kwenye chumba cha saba cha gemu natafuta njia ya boksi la mwisho. Majirani ndio waliosikia harufu kwanza.

Mama alichota kijiko kimoja cha yale maharage meusi, akakinusa. Sikuapa safari hii, nilikuwa najua sina pa kuapia. Akasema hii nayo inalaza akili, basi Mjomba akija aichukue yote.

Siku ya Mjomba kurudi ilifika. Asubuhi Mama akaiweka mashine na kaseti zake ndani ya gunia tupu, akafunga mdomo kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Nilikaa ghalani pembeni ya hilo gunia kama mtu aliyefiwa.

Akaja mkulima mmoja na maharage. Mama akadunga juu, akatoa punje zimeoza. Nikajua huyo baba anarudi nayo. Lakini Mama hakumfukuza. Akadunga kati, safi. Akadunga chini, safi. Mkulima akaeleza kwamba mvua ilimkuta njiani ikalowesha upande mmoja wa juu. Mama akatoa zile zilizooza, akachukua mzigo, wakaagana vizuri.

Nikawa namwangalia. Halafu, sijui niwaeleze vipi, nikaona chumba chote kama nakiangalia kwenye tivii. Nikilia, kona. Nikiapa, kona. Nikimlaumu Lazaro, kona mbaya zaidi. Ilibaki njia moja tu, nyembamba.

Nikasema, "Mama, gunia la yule baba umelidunga mara ngapi?"

"Juu, kati na chini. Si ulikuwa unaona?"

"Na gemu yangu?"

Kuli aliyekuwa anapanga magunia akasimama na gunia mgongoni.

"Umeidunga juu tu, Mama. Ukatoka na maharage yaliyoungua. Kati hujafika."

Yule kuli akacheka, akasema huyu mtoto leo amempima mama yake. Mama hakucheka. Akaniuliza kati ni wapi. Nikamwambia kati ni acheze mwenyewe. Akauliza na chini? Nikasema ukweli: "Chini sijui. Labda mpaka nikue."

Mama akakung'uta mikono yake kwenye kitenge. Akafungua yale mafundo mawili.

Alikuwa anaishika padi kama mtu aliyeshika kifaranga. Kwa kuanzia alikasalimia kale kajitu. Halafu akaanza kukagombeza: wewe baba, mbona unaziba mlango wako mwenyewe, nani alikufundisha kupanga mzigo. Akasukuma boksi la kwanza, likaenda vizuri. La pili likaingia kwenye kona.

"Narudishaje?"

"Hairudi, Mama. Unaanza upya."

Akasogea karibu na tivii, muziki unapiga. "Kumbe," akasema. Akaanza upya.

Mimi nilikuwa namwonyesha kwa kidole, naye ananipiga kwenye kidole, anasema ngoja, usinisukumie. Tulikuwa hapo, mabega yetu yamegusana, Lazaro amelala mapajani mwangu, Mjomba Ayubu alivyosukuma mlango. Alisimama akanusa.

"Dada, kuna kitu kinaungua huko nyuma."

Mama hakugeuka. "We Ayubu, ngoja kwanza. Niko mlangoni na boksi."

Ile ya ngumi na ile ya magari zilivuka boda na Mjomba siku hiyo. Mashine ilibaki, na kajitu ka ghalani kalibaki nayo mpaka padi zikafa.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama ushindi wa gemu. Nilikuwa nawaambia watu kwamba maboksi ndiyo yaliyonipa akili, nao wakiniangalia wanakosa ushahidi, maana hesabu nilifeli kwa heshima zote. Ilibidi niwe mama ndiyo nielewe kidogo. Kwanza, Mama hakuwahi kuipima mashine. Bambo lilikuwa linaingia kwangu. Mashine ikizimwa, yeye alikuwa anaangalia kinachotoka kwa mtoto, ni ngumi, ni mbio, au ni swali. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, hajui kusoma Kiingereza cha kwenye boksi la mashine, na mpaka leo sijaona njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Pili, na hili lilichelewa kunifikia zaidi, ni kwamba mnunuzi mkubwa kama yeye, mbele ya kuli wake, alikubali kudunga tena kwa sababu mtoto ametoa hoja. Wakati ule niliona ni haki yangu. Sasa nimelea, najua lile lilikuwa zito kuliko magunia yote mle ndani.

Sasa ile harufu ya juzi. Mwanangu Baraka ana miaka kumi na moja, miguu kama ya korongo. Alikuja na simu yangu ya kupangusa, anataka nimwekee gemu, na alikuwa ameshachagua ya mabomu. Akaapa kwamba inafungua akili. Nikamwambia anayeapa sana ana mchanga chini, akaniangalia kama nimeongea Kibemba. Tukakaa tukatafuta pamoja, ya mabomu tukaiacha, na mwisho nikapata moja ambayo kuna boksi na kuna kona. Sikuamini. Nikamwambia hebu niazime mara moja tu nikuonyeshe.

Mama siku hizi anakaa kwetu akija hospitali ya Vwawa kupimwa macho. Alikuwa amelala chumbani. Akatoka anapapasa ukuta, akasimama nyuma yangu na Baraka, akanusa. Mimi nikainuka mbio kwenda kwenye sufuria, lakini yalikuwa yameshakwenda.

Baraka aligeuka akamweleza bibi yake, pole pole, bila kuapa, kwamba mama hana kosa, alikuwa anamfundisha kwamba boksi likiingia kwenye kona halirudi, kwa hiyo kabla ya kusukuma lazima ufikirie utakapotokea.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono akachukua kijiko changu, akachota yale maharage meusi, akayanusa vizuri kama zamani.

"Haya, Sekela," akaniambia. "Chini nako nimefika. Mzigo nachukua."