Wamaitha Alivyomlipa Bedan

Wamaitha wa Kitengela hakuwa mtu wa kusahau. Jirani aliposogeza kigingi cha mpaka kidogo tu ndani ya ploti yake, aliacha kumsalimia, na hakumsalimia tena hadi yule jirani alipouza na kuhamia Embulbul. Hata siku ya kuhama alisimama langoni akitazama lori likipakiwa, mikono kifuani.

Alikuwa mjane, mzaliwa wa Nyeri, na kazi yake ilikuwa kuuza vifaranga. Wafugaji walitoka hadi Mashuuru kununua kwake. Oda zilipowazidi kuku wake kuatamia, aliamua kutafuta mashine ya kutotolea mayai. Binti yake, Caro, akamwonyesha mnada wa mtandaoni uitwao Gonga Bei. Wamaitha akaona mashine nzuri, akapandisha bei pole pole, akashinda.

Kwenye mnada ule mnunuzi angeweza kulipa kupitia kwa kampuni yenyewe, nayo ikashika pesa hadi mzigo ufike na mnunuzi aukubali. Lakini muuzaji, aliyejiita Kajiado Vifaa, alimpigia simu kabla hajalipa.

"Mathe, ukipitisha huko watakukata ada bure. Nitumie direct kwa hii namba. Jioni mashine iko hapo stage ya Kitengela."

Sauti ilikuwa ya heshima. Alipoanza kutuma, simu ikamwonyesha jina la mwenye namba: Bedan Mureithi. Si Kajiado Vifaa. Alisita, kisha akatuma.

Jioni hakukuwa na mashine. Namba ya Bedan haikupatikana, na ukurasa wake ulikuwa umeondolewa. Kampuni ya mnada ikamwambia haina la kufanya, maana pesa haikupitia kwake. Polisi waliandika maelezo, wakamwambia angoje.

Kilichomuuma zaidi ni mayai. Alikuwa amenunua trei kadhaa za mayai yenye mbegu kwa rafiki yake Naisenya, mama wa Kimaasai aliyefuga kuku wa kienyeji ng'ambo ya barabara. Mayai yakakaa, yakaoza. Wamaitha alichimba shimo nyuma ya jikoni akayatupa moja moja, na kila lilipopasuka alisema, "Bedan."

"Mwachie Enkai, Mama Caro," Naisenya alimsihi, akimtaja Mungu kwa Kimaasai.

"Enkai ako na kazi nyingi. Hii aniachie mimi."

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya kulisha kuku, aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa akapekua mnada. Hakutafuta mashine. Alimtafuta mtu. Siku moja akaona ukurasa mpya, Kiserian Agro, na maneno yale yale ya tangazo la Kajiado Vifaa, aliyoyajua kama sala: "Mashine haina shida, ni space tu imeniishia." Wamaitha akaingia kwa jina la wifi yake, Evalyne, akapandisha bei kuliko wote, akashinda, akalipa kupitia kwa kampuni.

Simu ikalia. Sauti ile ile.

"Madam, achana na kampuni, tuma direct."

"Hapana, ndugu. Pesa iko kwa kampuni. Leta mzigo."

Akakata simu. Mashine haikuwepo, kwa hiyo pesa ikarudi kwa Wamaitha na ukurasa ukafungwa. Bedan akafungua mwingine. Wamaitha akamgundua, akashinda tena, ukafungwa tena. Mambo yakaendelea hivyo msimu mzima wa mvua. Wamaitha alipunguza maneno, akapunguza hata kula, lakini macho yake yalikuwa yaking'aa.

Hatimaye wanunuzi wakashtukia kurasa mpya zinazofungwa, na hakuna mtu aliyetaka kununua kwa muuzaji ambaye hajawahi kufikisha mzigo. Bedan akalazimika kuuza kitu cha kweli. Alipata mashine iliyotumika huko Kiserian, akaiweka mnadani, na Evalyne akashinda.

"Madam, safari hii iko," alisema kwenye simu, amechoka. "Lipa kwa kampuni, naileta mwenyewe."

Alifika mchana na gari la Probox, mwanamume wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi. Wamaitha alimkaribisha kama mkwe. Waliichomeka mashine kwenye umeme, na joto likipanda pole pole akamnywesha chai. Naisenya alikuwa pale, ameinamia kikombe chake.

"Chai tamu sana, mathe," Bedan alisema. "Sasa bonyeza hapo kwa simu, useme mzigo umefika, niachiliwe pesa."

"Joto limetosha?"

"Limetosha."

"Basi mzigo umefika. Ila umechelewa, Bedan Mureithi."

Kikombe kikasimama njiani kuelekea mdomoni. Hakuwa amemtajia jina hilo. Wamaitha akamsogezea simu yenye ujumbe wa zamani wa malipo, uliobeba jina lake kamili.

"Mimi ndiye uliyeniambia nitume direct. Hii mashine nililipa kitambo."

"Mathe, hii nimenunua na pesa yangu!"

"Mayai yangu pia nilinunua na pesa yangu. Twende polisi tukaelezane, au nifungue lango uende?"

Bedan alimtazama Naisenya, Naisenya akatazama kuku. Bedan akaondoka bila kumaliza chai.

Wamaitha aliwaeleza watu wa mnada ukweli wote, hata jina la wifi. Wakamtaka Bedan aje na kitambulisho ajitetee, hakujitokeza. Pesa ikarudishwa kwa Wamaitha, na wote wawili wakafungiwa mnada, Wamaitha kwa kutumia jina lisilo lake.

"Sasa wewe na yeye tofauti ni gani?" Naisenya aliuliza wiki ile.

"Mimi nilianza kwa kulipa."

Naisenya hakuridhika, na kwa muda hakuja kunywa chai. Jambo hilo lilimuuma Wamaitha, lakini si kiasi cha kujuta. Bedan alipomtumia ujumbe, "Umenimaliza mathe," aliusoma mara mbili, akacheka peke yake uani, akaingia ndani kugeuza mayai kwenye mashine.