Ushahidi wa Kurudi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Maziwa nayanusa hata kama yamekamuliwa mbele ya macho yangu, na mtu akinisifia gauni najiuliza anataka kuazima nini. Kwa hiyo ilipofika zamu ya serikali ya nchi ya watu kunishuku mimi, nilijiona nimeonewa.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili ng'ambo, masomo ya maji, na ufadhili nao ulikuwa umetoka. Kilichobaki ni viza. Bila viza, zile barua zote za chuo zingefaa kufungia maandazi. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mjini, Ngarenaro, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, na jioni nikitoka kazini nilipitia Levolosi kwa mama mmoja mwenye steshenari. Alikuwa amewajazia watu wengi fomu za safari, na yeye ndiye aliyenifungua macho.

"Dada, wale hawaangalii una akili kiasi gani," aliniambia huku akipangusa printa yake kwa pindo la kanga. "Wanaangalia kama utarudi. Mume huna, mtoto huna, kazi yenyewe ya mkataba. Ukishapanda ndege, nani wa kukuvuta?"

"Nina baba."

"Kila mtu ana baba. Una shamba lenye jina lako?"

Sikuwa nalo. Kwetu ni upande wa Wameru, juu ya Tengeru, na kule kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, hurithi mtoto wa kiume. Tulizaliwa wawili, mimi na kaka yangu. Kaka alikuwa ameshajenga nyumba yake humo ndani, anaishi na mkewe na watoto, na mama yetu amezikwa humo humo, karibu na kibanda cha ng'ombe. Mimi neno shamba nilitamkiwa siku za kupalilia tu.

Jumamosi nikapanda mlimani. Nilimkuta baba barazani na chai yake, nikampa shikamoo, nikamweleza habari ya ubalozi, wasiwasi wao na maneno ya mama wa steshenari. Hakusita hata kidogo.

"Robo eka ile ya kando ya mfereji," alisema. "Mwambie huyo mama aandike. Ni yako, mama."

Kisha akaendelea na chai. Huyu ni mtu anayechukua wiki tatu kuamua kuuza mbuzi mmoja. Wepesi ule ulinitia shaka. Nikajiambia: baba ananipa karatasi, ardhi hanipi. Ningeweza kumuuliza, lakini niliogopa atasema ndiyo, ni karatasi tu, halafu nijue rasmi kwamba kwetu sina hata pa kuchomeka mgomba.

Mama wa steshenari aliposikia robo eka alicheka. "Wazungu robo hawaijui. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, dada." Akachapa anavyojua yeye. Aliponipa nisome, karatasi ilisema kwamba baba amenigawia kihamba chote, eka moja na nusu, pamoja na majengo na vyote vilivyomo.

Naliandika hili wazi kwa sababu nimeshachoka kulizunguka: niliisoma. Niliisoma mara mbili, nikaiona nyumba ya kaka ndani ya yale majengo, nikaliona kaburi la mama ndani ya vyote vilivyomo, nikalipa nikaondoka. Baba alisaini bila miwani, akiniamini. Mtendaji wa kijiji aligonga mhuri huku anaongea na simu. Ikabaki sahihi ya shahidi kutoka kwenye familia, na familia ilikuwa kaka.

Kaka alinawa mikono kwanza, ndipo akaitoa karatasi kwenye bahasha yangu. Akaketi kwenye gogo mbele ya nyumba yake, akaisoma polepole, na kidole chake kikasimama karibu na mwisho.

"Majengo yaliyomo," alisema. "Na hii ya kwangu nayo imo?"

"Ni karatasi tu, kaka. Ya kuwaonyesha wale."

"Karatasi ndiyo inayofukuza watu, mdogo wangu. Panga halifukuzi mtu."

Nilingoja agombe. Hakugomba. Alichukua kalamu, akasaini kwa kukandamiza mpaka wino ukatokea upande wa pili, kisha akatoa simu yake akaipiga picha ile karatasi. Hiyo picha ndiyo iliyoninyima raha. Mtu asiye na lake jambo anapiga picha ya nini?

Wiki iliyofuata nilipanda tena kuchukua cheti changu cha ubatizo. Nilipokuwa nashuka kwenye kijia, nikamwona kaka ndani ya migomba na mzee mmoja wa ukoo wetu, wanatembea kwa hatua za kupima. Mzee anahesabu, kaka anachomeka vijiti. Waliponiona wakanyamaza. Nikawaamkia, wakaitikia, na hakuna aliyeniambia wanapima nini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeshasikia habari za watu waliopelekewa barua ubalozini na ndugu zao wenyewe, kwamba huyu ni mwongo, msimpe. Na mimi ushahidi wa uongo wangu ulikuwa kwenye simu ya kaka, wenye mhuri. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Simu ikiita nilitazama kwanza ni nani. Baba alipouliza siku ya kwenda Dar kuhojiwa, nikasema Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Nilimdanganya baba yangu mzazi ili kaka asipate siku ya kuniharibia, na nilipokata simu nilijisikia vibaya, ila si vibaya kiasi cha kupiga tena.

Dirishani ubalozini, Dar, nilikuta mwanamume mwenye miwani na kikombe. Nilisukuma bahasha yangu kwenye kile kitobo, ile karatasi ya shamba nikiwa nimeiweka juu ya zote humo ndani. Hakuifungua. Bahasha aliiweka chini ya kiwiko chake akauliza kwa Kiingereza kwa nini nataka kusoma maji.

Nilikuwa nimekariri jibu refu lenye maendeleo endelevu ndani yake. Likanipotea. Nikafanya jambo ambalo huwa silifanyi hata kwenye picha za harusi: nikafungua mdomo nikamwonyesha meno. Sisi tuliokulia maji ya Meru meno yetu ni ya kahawia. Ni madini yaliyomo kwenye maji, hayatoki kwa mswaki wala mkaa. Nikamwambia watoto wawili wa kaka yangu wana meno kama haya, wa tatu bado hajaota, na ningependa nirudi kabla hajazeeka.

Alitabasamu kidogo. Alibaki na pasipoti yangu, ishara kwamba viza imepita, akanirudishia bahasha jinsi ilivyokuwa. Nilitoka nje nikakaa ukingoni mwa barabara nikalia. Furaha ilikuwepo, lakini hasira ilikuwepo pia. Nilikuwa nimemuuza kaka yangu na mnunuzi hata hakutazama bidhaa.

Pasipoti iliporudi na viza yake nilipanda nyumbani kuaga. Niliona kabla sijafika mlangoni. Kando ya mfereji, kuzunguka kipande cha migomba, palikuwa na masale yaliyopandwa karibuni, udongo bado mbichi. Kwetu isale, mmea wa majani marefu, ndiyo alama ya mpaka. Ukipanda isale mbele ya mzee wa ukoo, hakuna anayeling'oa akalala salama. Niliyahesabu. Yalikuwa saba.

 Nikamkuta kaka anakata majani ya ng'ombe.

"Umeniwekea mpaka?"

"Nimekuwekea."

"Ili nisisogee kwako."

"Ndiyo," alisema bila haya. "Na mimi nisisogee kwako. Mzee amepima robo eka kamili, hatua kwa hatua. Baba alisema ni yako, siku ile ile uliyomwomba. Wewe tu ndiye uliyeona ni karatasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeamini?" Akaweka panga chini. "Tulipanda Jumanne, ukiwa Dar."

"Nilisema Ijumaa."

"Ulisema. Na kwenye bahasha yako ulikuwa umeandika Jumanne, kwa mkono wako, siku uliyoniletea nisaini."

 Niliona aibu, ile ya kutaka udongo ukumeze. Alijua siku, alikuwa na picha, na hakuna barua aliyopeleka popote. Kipande alichonipa ndicho kilicho karibu na maji, ambacho mwenyewe angeweza kupanda mboga mwaka mzima.

Sasa, isale kwetu lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Hatakiwi kulikataa hata kama umemuua ng'ombe wake. Nikarudi mferejini, nikakata jani kwenye isale la kwanza la mpaka wangu, nikalifunga, nikamletea kwa mikono miwili.  Kaka alilipokea, akaliweka juu ya gogo.

"Msamaha nimepokea," alisema. "Karatasi nayo lete."

Nilidhani ataichana. Aliikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kishikizo. "Nitakaa nayo mpaka urudi," alisema. "Siku ukirudi tutaichoma wote, baba akiona, na miwani yake."

Huu ni mwaka wa pili niko huku. Kazi zipo, na mwezi uliopita profesa wangu aliniuliza kama ningependa kubaki. Sikumwambia mtu nyumbani. Lakini juzi kaka alinitumia picha ya masale kwenye simu, haina maneno, yameota yamefika kiunoni mwa mtoto wake wa tatu, ambaye anacheka na nimeona ameshaota meno. Nikaikuza ile picha, nikayahesabu, Mungu anisamehe. Yalikuwa saba.

Nikamwandikia: "Karatasi yangu iko wapi?"

Akajibu: "Tiketi yako iko wapi?"