Hadithi Iliyosimuliwa Mchana

Mwalimu Elimèn amefundisha watoto wa mtaa wetu, huku Haiti, kilimani juu ya mji wa Jakmèl, tangu mimi sijaota meno ya pili. Bibi huyu mdomo wake ni pilipili. Akikukuta umekaa kibarazani bila kazi, atakuuliza kama unangoja mshahara. Lakini Desemba ikiingia hulainika. Huokota maboksi ya sabuni madukani, huchemsha wanga wa muhogo uwe gundi, na watoto hutengeneza fanusi za Krismasi: nyumba ndogo za boksi, madirisha yamekatwa kwa wembe na kuzibwa kwa karatasi laini za rangi, mshumaa ndani.

Kabla ya wembe huja hadithi. Mama alikwenda kuchota maji, giza likaimeza njia. Binti yake akakitoboa kibuyu madirisha, akatia kaa la moto ndani, akakiweka mlangoni. Mama akauona mwanga kwa mbali, akarudi. Kisha Mwalimu huwahimiza wakate madirisha makubwa, maana dirisha dogo halimrudishi mtu.

Hadithi kwetu ni za usiku. Ukisimulia mchana, mama yako anakufa. Wasomi na wacheke. Sijaona msomi mwenye mama hai aliyethubutu. Lakini mwaka mmoja watu wenye bunduki walikuwa wameiteka barabara ya kwenda mji mkuu, na jua likizama kila mtu alijifungia ndani. Mwalimu akaamua kusimulia mchana, darasani. Watoto wakaguna. Roselande, binti wa miaka saba, akamuuliza kama haogopi.

"Mama yangu nilishamzika, mwanangu. Kwangu hadithi haina wa kumchukua."

"Na sisi tunaoitikia?"

"Anayeitikia hana neno. Mzigo ni wa msimuliaji."

Akaita krik, kama ianzavyo kila hadithi kwetu, darasa zima likaitikia krak.

Mama yake Roselande, Yolette, alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alikuwa amepanda lori kwenda kuuza maharage mji mkuu, akaniachia Roselande na mdogo wake anayetambaa, akaahidi kurudi na viatu vyao kabla ya Krismasi. Siku zikapita. Roselande aliiweka fanusi yake dirishani kwangu, na kila jioni tukaiwasha. Adhuhuri moja nikamkuta chumbani na mdogo wake, anakata boksi la pili. Madirisha yalikuwa makubwa mno, kuta karibu zianguke. Nikamnyang'anya wembe, nikarudi jikoni.

Mkesha wa Krismasi dereva alikuja, kofia mkononi. Akatueleza kuwa lori lilimiminiwa risasi, Yolette akafa papo hapo, na mwili wamelazimika kuuacha barabarani. Nililia mpaka majirani wakajaa. Roselande hakutoa chozi. Alizichukua fanusi zake zote mbili, akazichanachana.

Tangu hapo hakusema, na kula yake ilikuwa ya kulazimishwa. Siku ya mwaka mpya hata supu ya boga, ambayo siku hiyo hanyimwi hata adui, hakuigusa. Nikamwita Mwalimu. Akaja, akaketi sakafuni kando yake, na magoti yake yale mabovu, akangoja. Mwisho mtoto akafungua kinywa.

"Ni mimi. Nilimsimulia mdogo wangu ile hadithi, mchana. Nilitaka Mama aione fanusi upesi."

Mwalimu hakumwambia kwamba hayo ni upuuzi. Anayaamini, kama ninavyoyaamini mimi. Aliwaza, kisha nikaona uso wake umefunguka kidogo.

"Uliita krik?"

"Ndiyo."

"Mdogo wako hajajua kusema. Basi hakuna aliyekuitikia. Hadithi isiyoitikiwa si hadithi, mwanangu. Ni maneno tu, hayamdhuru mtu."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa akili ya yule bibi. Roselande akamtazama kama anayetaka sana kukubali.

"Nilijiitikia krak mwenyewe," akasema.

  Mwalimu Elimèn alimvuta mtoto kifuani, akakaa naye palepale sakafuni, na supu ikapoa mezani.