Swali Nililomkatalia Projest

Mdogo wangu Projest alifundisha hesabu chuoni hapa Mwanza miaka kumi na tisa. Hakuoa. Tuliishi naye Buzuruga, na jioni alisahihisha kazi za wanafunzi kwenye meza ninayokatia mboga. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hakuchoka kunieleza.

Siku moja nilimuuliza hiyo aljebra-sigma anayoifundisha ni mdudu gani.

"Kabla hujapima uwezekano wa jambo, dada, unaweka kwanza orodha ya mambo yanayopimika. Orodha ina masharti. Ukiingiza mvua kunyesha leo, lazima uingize na kutonyesha. Ukiacha upande mmoja imevunjika, hupimi kitu. Kuna na sharti la kuunganisha mambo, hilo lingoje chai."

"Shule yote hiyo, ili ujue mvua inaweza isinyeshe?"

Alicheka mpaka akashika ubavu.

Ubavu huohuo ndio uliomlaza, Kwaresima ya mwaka jana. Ini. Daktari aliniita kwenye korido: wiki mbili, pengine tatu. Kwetu mgonjwa haambiwi. Unamwambia anaendelea vizuri, unamlisha uji. Nikamsihi daktari anyamaze. Tena nikafanya kubwa zaidi: sikumwambia Padri Nestory wa parokia yetu kwamba tumelazwa. Kwenye jumuiya ya kanisa mimi mwenyewe hufundisha kuwa mpako wa mafuta matakatifu ni wa mgonjwa, si wa anayekata roho tu. Lakini wagonjwa wetu wakiiona ile chupa ya mafuta hugeukia ukutani kungoja kifo.

Jumanne aliniuliza, "Dada, nitapona?"

"Kwa uwezo wa Mungu, utapona."

"Kwa hiyo kupona kumo kwenye orodha."

"Kumo."

"Na kutopona?"

"Ishindwe! Usijitabirie, Projest. Kunywa uji."

Aliniangalia bila hasira. "Umeacha upande mmoja, dada. Basi hata huo wa kwanza hujanipimia."

Nikawa nakoroga uji uliokwishapoa. Jumatano asubuhi hakuuliza tena. Alisema, "Niitie padri. Nataka kuungama nikiwa bado nina sauti."

Nilipiga simu. Padri Nestory alikuwa ng'ambo ya ziwa, Kamanga, kwenye mazishi.

"Juzi nilikuwa hapo hospitali, Adventina, wodi ya chini yenu," alisema. "Si ungeniita tu, mama?"

Projest alingoja. Saa nane aliuliza kama kivuko kimetia nanga. Saa tisa alianza kutaja dhambi zake kwa Kihaya, na pale nilikuwapo mimi tu. Hazikuwa zangu kuzisikia. Nikajifunika kitenge kichwani, nikaziba masikio, nikafumba macho, nikasali Salamu Maria moja baada ya nyingine.

Padri aliingia viatu vikiwa na udongo wa kaburini. Alimgusa shingoni, kisha akanigusa bega.

"Ametutoka saa ngapi?"

Nikavua kitenge kichwani, nikamtazama Projest kwa mara ya kwanza tangu saa tisa.