Maneno ya Mgonjwa Niliyoyakata

Juma lililopita nililetewa habari kutoka upande wa Geita kwamba yule mwosha mawe wa mgodini, ambaye wengi walimwita mvivu, amefariki dunia. Hakuwa mvivu. Naandika kwa uchungu, maana katika kifo chake nina sehemu yangu.

Kabla ya kuandika magazetini nilikuwa karani na mkalimani wa zahanati ya mgodi. Yeye alikuwa Msukuma, mpole, asiyependa kukatizwa akieleza jambo. Alishinda mikono ndani ya maji tangu alfajiri, akiosha mawe yaliyosagwa. Siku aliyokuja kutibiwa, vidole vilikuwa vimepiga weusi na miguu ina madoa ya zambarau. Akanieleza kwa Kisukuma, taratibu: "Nikigusa maji ya baridi, vidole vinakufa. Nikiota moto, vinafufuka. Viungo navyo vinauma." Foleni ilikuwa ndefu, na daktari, Mzungu, alikuwa akitazama saa. Nikatafsiri: "Anasema viungo vinauma." Daktari hakuinua hata kichwa. "Baridi yabisi. Apewe vidonge, arudi kazini." Mgonjwa akaniuliza, "Karani, umemwambia yote?" Nikamjibu, "Yote."

Akarudi majini karibu mwaka mzima, msimamizi akimtukana kila alipoficha mikono kwapani. Alipovimba uso ndipo akapelekwa hospitali ya Shinyanga. Huko msaidizi wa maabara aliyaweka maji ya damu yake kwenye jokofu, na kesho yake akayakuta yameganda kama ute mzito. Alipoishika chupa kiganjani, yakayeyuka. Daktari wa huko alinieleza nilipokwenda kumjulia hali mgonjwa: ni ugonjwa wa nadra, protini ya damu huganda ikipata baridi na kuziba mishipa midogo, nao hufanana mno na baridi yabisi. Figo zilikuwa zimekwisha kuharibika. "Hakuwahi kumwambia mtu kwamba baridi inamdhuru?" akaniuliza. Sauti ikatoka kitandani, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Nilisema. Siku ya kwanza." Hakunitazama. Akageukia ukutani.

Siku hizi tumekuwa wengi tuliosoma kidogo, tunaosimama kati ya wakubwa na watu wetu, shambani, mahakamani, hospitalini. Tunaiogopa haraka ya mkubwa kuliko maumivu ya mnyonge, kisha tunajiita wastaarabu. Wewe unayewasemea wengine, fikisha maneno yao kama walivyoyasema. Huwezi kujua ni neno lipi lililobeba uhai wa mtu.