Kiti cha Nyuma Kilichowainua Wakwe

Cheka tu, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze mbele ya watu waliokuja kuniangalia kama nafaa kuoa kwao.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami karani wa bandarini Mtwara, nina gari kuukuu la milango minne na ugonjwa wa mbio za magari. Mbio zetu za kwanza hazikuwa na masharti, kila mtu alikuja na alichonacho, akatokea tajiri mmoja na gari lililong'olewa kila kitu ndani likabaki debe lenye injini, akatuacha kwenye vumbi, tukalalamika wee, ndipo yakatengwa makundi mawili: magari yaliyochezewa, na magari ya kawaida kama yanavyouzwa dukani. Mimi nikaingia kwenye ya kawaida, ila kiti cha nyuma nikakitoa gari liwe jepesi (halikukatazwa, na wengi tulifanya hivyo), nikakiweka sebuleni, nikakifunika vitambaa vya kufuma, kikawa kochi langu la pekee.

Sasa asubuhi ya mbio nani wamekaa kwenye kochi hilo? Bi Zuhura, mama yake Somoe, binti niliyekuwa nimemposa, na mjomba wake Somoe, Mzee Issa, ambaye kwa Wamakonde neno lake ndilo la mwisho. Wametoka Madimba bila taarifa kuja kuona ninavyoishi, nami nikaona haya kuwaambia nina mashindano. Mara mwenzangu wa kazini akaniita dirishani, akaninong'oneza kwamba sharti limeongezwa, gari la kawaida lazima liwe na viti vyake vyote na mkaguzi atavikalia mwenyewe, maana kuna wajanja waliotia maboksi yaliyoshonewa vitambaa.

Hapo ningesema ukweli yangeisha. Mimi huyo nikarudi ndani nikasema, "Samahani wazazi wangu, nahisi kochi hilo lina kunguni, ngoja nilitoe likapigwe jua." Sijawahi kuona wazee wakisimama kwa kasi namna ile. Nikawatandikia mkeka, nikabeba kiti, nikakifunga garini kwa kamba (nati zake nilishazipoteza), nikaondoka.

Zamu yangu ilipofika, mkaguzi, bwana mmoja mnene mwenye suruali nyeupe, alishainama aketi, nikasikia sauti ninayoijua.

"Baba, usikae hapo, kina kunguni hicho."

Alikuwa Bi Zuhura. Kumbe jirani aliwaambia mwenyeji wao yuko kwenye mbio, wakanifuata. Tena alisema kwa huruma kabisa, masikini, anamwokoa mtu. Mkaguzi akaruka nyuma akijikung'uta, watu wakaangua kicheko, na dereva aliyekuwa nyuma yangu akarudisha gari lake mbali.

"Hakina kunguni," nikasema. "Nilidanganya."

Mzee Issa akakitazama kiti, vitambaa vya kufuma bado viko juu yake. "Kwa hiyo tulikuwa tumekaa kwenye gari?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nawe ukatuinua wakwe zako uje kushindana."

Mkaguzi akaivuta ile kamba, akatikisa kichwa, akaniondoa mashindanoni, na wala sikuumia, kwa sababu niliyekuwa namkosa ni Somoe.

Nikawarudisha Madimba juu ya kiti kile kile, kila shimo kinateleza nao upande huu, shimo jingine kinawarudisha. Nilimpenda yule binti, jamani, na njia nzima machozi yalinilengalenga. Tulipofika Bi Zuhura akashuka, Mzee Issa akabaki ameketi, nikajua sasa posa yangu inarudishwa.

"Kijana," akasema, "hiki kiti kirudishe ndani. Mwanetu akija atakalia nini?"

Nililia mpaka mjini. Na tangu siku hiyo mgeni akishaketi kwangu simwinui, hata paa likiwaka moto, tutatafuta namna ya kumtoa na kochi lake.